Wiki ya baridi Lushoto: Hoteli isimnyime mtoto bibi yake

Shule zikikaribia kufungwa mwezi Juni, simu za wazazi wengi wa Dar es Salaam na Tanga hujaa picha za milima. Huyu katuma ukungu wa asubuhi, yule katuma watoto wamejifunika blanketi zito, na nyumbani maswali yanaanza: sisi tunakwenda lini?

Kwa familia isiyo na ndugu Usambara, jibu linategemea mfuko. Kwa familia yenye asili ya huko kuna swali jingine, na hilo ndilo huleta maneno ndani ya nyumba: wakifika watalala wapi?

Chukulia mfano wa baba aliyezaliwa kijijini jirani na Soni, sasa anafanya kazi Dar es Salaam. Mke wake ni mzaliwa wa Mtwara, na wana watoto watatu. Wameweka akiba mwaka mzima ili wapate wiki moja ya kupumzika. Mama anataka hoteli pale Lushoto mjini. Mtoto wao mdogo ana pumu, na jiko la bibi ni la kuni. Choo kiko nje, na usiku wa Juni kule juu ni baridi kali. Tena yeye mwenyewe amechoka, anataka japo wiki moja asiamke kuwasha moto.

Baba anapiga simu nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mnakuja lini nianze kutafuta magodoro?"

"Mama, safari hii tumechukua hoteli hapo mjini. Tutapanda kuja kukusalimia."

Kimya. Kisha bibi anasema, "Haya. Karibuni."

Aliyelelewa na mama wa namna hiyo anajua "haya" ile ina uzito gani. Kijijini majirani watauliza wajukuu wamelala wapi, na bibi hatakuwa na la kujibu. Lawama nazo hazitamwangukia mwanawe. Zitamwangukia mkwe, kwamba anaringa, kwamba nyumba ya mama mkwe haimfai, hata kama uamuzi ulikuwa wa wote wawili.

Katika kisa kama hiki hakuna mkosaji. Mama ana haki ya kuogopea kifua cha mwanawe, na bibi ana haki ya kutaka wajukuu walale chini ya paa lake. Kosa huanza pale familia inapodhani lazima ichague moja, wakati wiki ina usiku saba.

Jambo la kwanza ni baba kusema na mama yake mapema, kwa kinywa chake, bila kumtanguliza mkewe. Amweleze habari ya pumu na moshi. Amwambie usiku gani watalala nyumbani na usiku gani watalala hotelini, kisha amuulize yeye anaonaje. Bibi aliyeulizwa huweza hata kupanga mambo kuliko walivyotarajia: jiko likahamishiwa nje, mtoto akapewa chumba cha mbali na moshi. Bibi aliyepewa taarifa tu hubaki na "haya" yake.

Jambo la pili ni kuanzia nyumbani. Hata kama familia imelipia hoteli, usiku wa kwanza uwe kwa bibi. Anayelala hotelini kwanza na kwenda kusalimia siku ya tatu amekuja kama mtalii, na watoto wanaliona hilo hata wasipolisema. Familia inaweza kulala kwa bibi usiku wa kwanza na wa pili, ikashuka hotelini usiku tatu, kisha ikarudi kumalizia nyumbani. Mama atapata mapumziko yake, na bibi atapata wajukuu wake.

Jambo la tatu ni gharama, ambazo watu wa mjini huzisahau. Wageni watano kwa siku nne ni mzigo kwa mzee. Atachinja kuku, ataazima magodoro, atanunua sukari kwa mkopo, na hatasema. Fedha ya unga, mchele, mafuta na sukari itumwe kabla ya safari, si kuachwa mezani siku ya kuondoka.

Kwa upande wa hoteli, mzazi aulize kwa simu kabla ya kulipa. Bei ni ya chumba au ya kichwa? Kifungua kinywa kimo? Godoro la ziada la mtoto linalipiwa? Maji ya moto yapo saa zote, na umeme ukikatika inakuwaje? Blanketi ni ngapi kwa kitanda? Lushoto kuna hoteli za watu binafsi na nyumba za wageni za taasisi za dini, na hizo za dini mara nyingi ni tulivu na zinafaa familia.

Hapa kuna la kujifunza kutoka mbali. Huko Japani, majira ya baridi familia nyingi hupanda milimani watoto wakateleze kwenye theluji, na wapo wanaofikia katika nyumba za wageni za jadi ziitwazo ryokan. Mara nyingi bei yake huhesabiwa kwa kichwa, pamoja na chakula cha jioni na cha asubuhi. Baba, mama na watoto hulala chumba kimoja, juu ya magodoro yanayotandikwa sakafuni usiku na kukunjwa asubuhi. Watu hulipa fedha nyingi kupata hayo.

Mzazi akitafakari ataona kwamba mambo hayo mawili, kulala chini pamoja na kula pamoja, yako nyumbani kwa bibi. Kwa hiyo asimfundishe mtoto kuona haya kwa kutandikiwa godoro sakafuni. Na hata hotelini, chumba kimoja chenye godoro la ziada huwa nafuu kuliko vyumba viwili, na maongezi ya usiku hayakatwi na ukuta.

Safari yenyewe ina mambo yake. Basi la barabara kuu ya Moshi na Arusha humshusha abiria Mombo, mahali penye joto na vumbi, chini kabisa ya mlima. Kutoka hapo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi za kona juu ya kona kupitia Soni, na gari hupanda karibu mita 1,000. Mtoto asishibishwe chipsi na soda pale Mombo. Ale kidogo, akae karibu na dirisha la mbele, atazame mbali, na mfuko uwe mkononi. Sweta lisiwe chini ya mizigo. Kwa wastani hewa hupoa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000, hivyo aliyetoka jasho Mombo atatetemeka kabla ya kufika.

Baridi hiyo ina hatari moja ambayo kila mzazi aijue. Jiko la mkaa lisiingizwe kuota moto katika chumba cha kulala kilichofungwa, iwe kwa bibi au hotelini. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na huua watu usingizini. Moto uotwe nje au mahali penye hewa, na chumbani watu wategemee blanketi, soksi na kofia za sufi, ambazo kwenye mitumba hazina bei kubwa. Mtoto mwenye pumu dawa yake ya kuvuta iwe kwenye mkoba wa mama, kwa kuwa hewa ya baridi pekee huweza kumbana kifua hata pasipo moshi.

Siku za kutembea zisijazwe mno. Irente panatosha siku nzima: kutoka mjini ni mwendo wa saa moja na zaidi kwa miguu, na pale ukingoni mtoto anaona tambarare ya Mazinde chini kabisa, na magari ya barabara kuu yamekuwa kama siafu. Mkono wa mtoto mdogo usiachiwe hapo. Karibu na hapo kuna shamba la Irente, linalouza mkate, jibini na jamu. Siku nyingine iwe ya msitu wa Magamba, hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ambako wenye bahati huwaona mbega wakiruka mitini.

Na njiani kuna historia ya kuwasimulia. Wajerumani waliuita mji wa Lushoto Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, na maofisa wao walipanda huko kukimbia joto la pwani. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Wageni wale walikuja kwa ajili ya hewa. Mtoto wa Msambaa anapopanda mlima huohuo anacho zaidi ya hewa: kuna kaburi la babu yake, shamba la bibi yake, na lugha ambayo huenda mjini hakuna anayemsemesha.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa wajukuu hilo lichukuliwe kama lilivyo. Siku ya tatu au siku ya kurudi kutoka hotelini, waende shambani na bibi wakachume maharage, wakachimbe viazi, wakabebe maji kwa vindoo vyao. Wajifunze salamu za Kisambaa na kuwasalimia wazee wa jirani mmoja mmoja. Simu na televisheni hotelini zitawapa katuni zilezile za Dar es Salaam. Shamba halipatikani huko.

Na bibi naye akaribishwe hotelini, japo kwa chakula cha mchana. Aulizwe kwanza, kwani si kila mzee hufurahia kuhudumiwa na mtu asiyemjua. Akikubali, akae mezani na wajukuu, awe mgeni wao siku hiyo. Mkwe amvutie kiti, amkoroge chai yake kwa sukari anayoipenda. Jioni hiyo majirani wakiuliza wajukuu wamelala wapi, bibi atakuwa na jibu, na atalitoa kwa sauti.