Mafundi, msitufungie mazabodi nusunusu

Mafundi wetu wa kompyuta wananiudhi kweli. Windows ikishawaka tu, wanadai pesa ya ufundi na kutoweka. Jamani, kufunga mazabodi si kukaza skrubu! Mteja amenunua memori ya DDR5-6000, wewe unamwachia ikikimbia 4800 kwa sababu hukuingia BIOS kuwasha XMP au EXPO. Tena vijiti viwili umevibana bega kwa bega, vinagawana njia moja. Kwenye mazabodi ya sloti nne, kile kitabu ulichotupa pamoja na boksi kwa kawaida husema sloti ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Mteja amelipia kasi asiyoipata. Wasomaji, kabla ya kutoa hata shilingi, mwambieni fundi aiwashe upya, aingie BIOS, awaonyeshe kasi ya memori kwa macho yenu.