Sheria Isiwe Mtego kwa Mgeni

Kariakoo ni mtaa wa wageni tangu jina lake, lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Zamani mgeni aliyefika hapa alipokewa na watu wa kwao, akaingizwa katika chama cha kuzikana na kusaidiana, akafunzwa desturi za mji. Leo Mtaa wa Kongo na Mtaa wa Msimbazi huwakutanisha Mpemba na Msukuma, Mkongo na Mzambia, Mrundi na Mchina. Wageni wamezidi na sheria zimezidi, lakini wa kuwafunza sheria hizo hajulikani ni nani.

Mwezi Julai 2025, Serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu na ununuzi wa mazao shambani. Mgeni anayekiuka hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 au hufungwa hadi miezi 6, na kibali chake hufutwa. Raia anayemsaidia naye ana adhabu yake.

Hatuipingi amri hiyo. Kumlinda mchuuzi wetu ni wajibu wa Serikali, na kilio cha wafanyabiashara wa Kariakoo kilikuwa cha muda mrefu. Lakini amri hiyo hiyo ilimruhusu mwenye leseni halali kuendelea mpaka muda wa leseni yake umalizike. Ni wageni wangapi waliolijua hilo? Na ni raia wangapi wanaojua kwamba kumwazima mgeni jina la biashara kunaweza kuwafikisha gerezani?

Asiyejua sheria huwa riziki ya vishoka. Huahidiwa kibali kwa siku moja, akatoa fedha, akakabidhiwa karatasi isiyo na thamani. Siku ya msako hukamatwa yeye, kishoka hayupo, na Serikali imekwisha kukosa ada yake halali.

Njia ya kuondoa balaa hili ipo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na Zanzibar ilitunga yake mwaka 2018. Chama cha Wanasheria wa Tanganyika, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar vina wataalamu. Jumuiya za wafanyabiashara zinayajua maduka. Misikiti na makanisa yanawajua wenye shida. Tunavishauri vyombo hivi vifungue meza moja Kariakoo, yenye siku maalumu na isiyotoza senti. Itoe elimu kwa Kiswahili, Kifaransa na Kichina. Imwelekeze mtu kwenye ofisi ya Uhamiaji badala ya kichochoroni. Na asiyestahili kibali aambiwe bila kufichwa kwamba hastahili.

Ndugu zetu wa Visiwani wasidhani jambo hili haliwahusu. Mzanzibari aliyeko Kariakoo yumo nchini mwake, na uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano. Lakini msaada wa kisheria una sheria mbili, na aliyevuka kwa boti asubuhi akaingia katika mgogoro wa fremu jioni lazima ajue mlango wa kugonga.

Kadhalika wawakumbuke Wapemba wa pwani ya Kenya. Kwa vizazi waliishi Kilifi na Kwale bila vitambulisho, na wavuvi hodari wakakosa leseni ya kuvua. Vyama vya haki za binadamu vilishirikiana na wazee wao kuieleza Serikali, na mwaka 2023 Kenya iliwatambua kuwa miongoni mwa makabila yake. Waliosaidiwa ugenini ni damu yetu. Sisi tutamnyimaje mgeni aliye kwetu hata maelezo?

Kwa maofisa wa Uhamiaji na wa Halmashauri ya Jiji, tunasema kwamba meza hiyo itawapunguzia kazi. Wapelekeeni fomu, viwango vya ada na mtu wa kujibu maswali. Mgeni akikwisha kufundishwa sheria kisha akaivunja, na aadhibiwe; hapo hakuna atakayemwonea huruma. Lakini kumwadhibu kwa jambo ambalo hakuna aliyemweleza ni kumtegea mtego, na nchi yetu haikuzoea kuwatega wageni wake.