Kaseti Tano na Simu Niliyokuwa Naiogopa

Mpenzi msomaji, mwezi huu nilipanga kukuandikia kuhusu wivu wa kazini. Makala ilishakamilika, picha zipo, kila kitu tayari. Basi bwana, Jumamosi moja nikaingia kwenye duka la mitumba, na nilichotoka nacho kikanivurugia mpango mzima. Wivu utasubiri. Leo tuongelee kaseti za gemu. Ndiyo, umesoma vizuri, kaseti za gemu! Nivumilie kidogo, undugu umo humo humo ndani.

Unayajua yale maduka yanayouza vitu vya mtumba kutoka Japani? Baiskeli, feni, masufuria, sahani nzuri nzito ambazo dukani huzipati kwa bei ile. Mimi nilifuata mabakuli ya supu. Chini ya meza kulikuwa na beseni, na ndani ya beseni, chini ya waya za redio, vimelala vipande vitano vya plastiki. Nikamuuliza muuzaji ni vitu gani.

“Dada, hata mimi sivijui. Vilikuja na mzigo. Labda vya kompyuta. Nipe elfu mbili mbili.”

Nikampa elfu nane kwa vyote vitano. Mabakuli nikayasahau pale pale dukani. Kwa nini? Kwa sababu kimoja kilikuwa cha njano, kinaenea kiganjani, na mkono wangu ulikikumbuka kabla ya kichwa.

Wenzangu mliokulia Dar miaka ya tisini mnanielewa. Mwaka 1998 baba alitununulia mashine ya gemu Kariakoo. Unachomeka kwenye TV, unabandika kaseti juu, ikigoma unaichomoa, unaipuliza, unarudisha. Lebo ya kaseti yetu ilijisifu kwamba ina michezo 9,999,999! Mimi na kaka yangu tulikaa siku nzima tunahesabu, tukakuta ni michezo michache tu inajirudia kwa majina tofauti. Huo ndio ulikuwa utapeli wangu wa kwanza maishani, na nilikuwa na miaka tisa.

Nyumbani nikazipanga mezani. Mwanangu akauliza kama ni chaja. Mume wangu akacheka: “Umefuata mabakuli, umerudi na plastiki.” Maandishi yote yalikuwa ya kigeni, stika moja imechanika, nyingine imefifia. Mtu mmoja tu kwenye ukoo wetu angeweza kuniambia ni nini, na mtu huyo ni kaka yangu, ambaye ni fundi wa vitu vya umeme.

Tatizo ni kwamba mimi na kaka tulikuwa hatuongei.

Naomba niwe mkweli, maana nimezoea kuwashauri ninyi humu kila mwezi. Baba alifariki mwaka 2021. Aliacha nyumba yenye wapangaji, na kaka ndiye anayekusanya kodi. Mwaka uliofuata, kwenye kikao cha familia, mbele ya mashangazi, nikamtaka atoe hesabu. Kudai hesabu si kosa. Kosa ni nilichoongeza: “Wewe umezoea kuuza vya wenzio, tangu ile mashine.” Kaka hakujibu. Alinyanyuka akaondoka. Tangu siku hiyo salamu zetu zilikuwa za kwenye grupu la familia tu, za Idi na za misiba.

Habari ya mashine ni hii. Januari 2003 nilikwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni. Niliporudi likizo, mashine haipo. Nikamuuliza kaka, akasema ameiuza. Sikumsamehe. Mtu mzima mimi, mwenye shahada ya mawasiliano, nilikuwa na kinyongo cha mashine ya gemu kwa miaka karibu ishirini. Cheka tu, lakini jiulize na wewe una chako cha namna gani.

Basi usiku ule nikapiga picha ya kaseti, nikamtumia kaka. Sikuweka hata salamu. Niliogopa. Baada ya dakika nne likaja jibu la maneno mawili: “Geuza nyuma.”

Nikageuza, nikapiga picha tena, nikatuma. Simu ikaita. Ni yeye. Akaanza kuongea kana kwamba tulikuwa tumekatiana simu jana yake tu.

Hapa msomaji chukua kalamu, siku moja ukikutana na kaseti kama hizi itakusaidia. Kaka alianza na umbo. Kaseti zile ndogo za rangi rangi, njano, nyekundu, buluu, ni za mashine ya Nintendo iitwayo Family Computer, iliyotoka Japani Julai 1983. Wenyewe wanaifupisha Famicom. Chini ina vimeno vya shaba 60. Marekani walipoletewa mashine hiyo mwaka 1985 ilibadilishwa jina na umbo, ikaitwa NES, na kaseti zake ni za kijivu, kubwa zaidi, zenye vimeno 72. Ya huku haiingii kule.

Umbo likikuchanganya, tafuta herufi ndogo za Kilatini kwenye stika. Hizo ndizo kitambulisho. HVC ni Famicom. SHVC ni Super Famicom, mdogo wake wa mwaka 1990. DMG ni Game Boy, ile ya kushika mkononi, ya mwaka 1989. Kwenye baadhi ya kaseti, hasa za miaka ya tisini, herufi za mwisho zinataja na soko: JPN ni Japani, USA ni Marekani, EUR ni Ulaya. Lakini kaka akanionya: kampuni zilizotengenezea Nintendo michezo mara nyingine ziliweka herufi zao wenyewe, kwa hiyo ukikosa HVC usikate tamaa.

Na kama hata nchi huijui, angalia maandishi. Kichina kinajaa herufi nzito zenye mistari mingi. Kikorea kina viduara ndani yake. Kijapani kinachanganya: herufi nzito zipo, lakini katikati yake kuna nyingine nyepesi, za mviringo, na nyingine za kona kali kama zimekatwa kwa wembe.

Tukaanza kuzitaja moja moja. Ya njano, HVC-SM: Super Mario Bros., ya Septemba 1985. Nyeusi yenye neno SEGA: Mega Drive, mashine ya mshindani, ya mwaka 1988. Kubwa ya kijivu yenye mabega ya mviringo: SHVC, Super Famicom. Ndogo kuliko zote, yenye DMG na picha ya vitofali: Tetris! Mchezo huo ulitungwa Moscow na Alexey Pajitnov mwaka 1984, ndio uliozaa vile vimashine vya vitofali tulivyokuwa tukinyang'anyana kwenye basi la shule. Na ile ya Game Boy, alisema kaka, haichagui nchi. Game Boy ya popote inaisoma.

“Sasa zetu za Kariakoo zilikuwa za wapi?” nikamuuliza.

Akacheka. Mashine yetu, alisema, ilikuwa nakala isiyo rasmi ya ile Famicom ya Japani, na walionakili walibakiza vimeno vile vile 60. Kwa hiyo kaseti halali ya mtoto wa Japani inaingia kwenye mashine ya mtoto wa Dar bila shida yoyote. Hilo sikulijua! Halafu akanipa la pili: Wajapani nao hawaiti vingine. Wanaita kasetto. Jamani, sisi na wao tulikuwa tunalia kaseti moja.

Ikabaki ya tano. Stika imechanika, limebaki neno ENIX na namba III ya Kirumi. Kaka akanyamaza kidogo. “Hiyo ni Dragon Quest ya tatu. Februari 1988. Ilivyotoka, Wajapani walipanga foleni kama ya sukari. Nyuma kuna nini?”

Nyuma kulikuwa na wino wa kalamu nzito, maandishi ya kitoto. Nikaelekeza kamera ya simu itafsiri. Mwaka wa nne, mkondo wa pili. Halafu jina la mtoto. Jina sitaliandika hapa, si langu kulitangaza. Lakini nilikaa nalo. Huyo mtoto leo ni mtu wa karibu miaka hamsini. Kaka akaniambia watoto wa Japani walikuwa wanaandika majina kwenye kaseti kwa sababu waliazimana, na kwamba kule yupo mkusanyaji anayezihifadhi zenye majina ili wenyewe wakijitokeza awarudishie. Nikakumbuka yetu. Kaka alichora jina lake nyuma kwa msumari. Mimi nikachora langu juu yake, kwa nguvu zaidi.

Nikasema, “Kaka, njoo Jumapili.” Akasema sawa.

Jumapili akaja na wifi, na mfuko wenye mashine aliyoitoa kwenye karakana yake. Mwanangu alimwamkia mjomba wake kwa haya, kama mgeni, na hapo ndipo nilipoona hasara ya kimya chetu. Mtoto wa miaka minane, mjomba wake wa damu anakaa mji huo huo, na anamwamkia kama mgeni!

Ya njano iliwaka baada ya kusafishwa vimeno kwa pamba na spiriti (kupuliza, anasema kaka, kulikuwa ushamba wetu, mate huleta kutu). Kisha tukaweka ile ya tano. Ilikuwa na sehemu tatu za kuhifadhi safari ya mchezaji, zinazotunzwa na betri ndogo ya saa iliyochomelewa ndani. Simu ikatusomea: hakuna kitu. Safari ya yule mtoto imefutika. Kaka akasema hata zamani ilikuwa hivyo, kumbukumbu ikiharibika mchezo unapiga muziki wa kutisha na kumpa pole mchezaji kwamba kitabu chake cha safari kimepotea. Watoto wa kule walilia kweli kweli.

“Lakini mchezo wenyewe mzima,” akasema. “Kilichokufa ni betri tu.”

Mwanangu akataka kuanza upya. Mchezo ukauliza jina. Kijapani kinaandikwa kwa silabi, kwa hiyo “Kaka” ni herufi moja mara mbili. Akaiweka hiyo. Wakati anahangaika na vitufe, nikakusanya ujasiri.

“Kaka, yale maneno ya kwenye kikao... nisamehe.”

Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia TV. “Ile mashine aliiuza mzee,” akasema. “Ulikuwa huna tranka la shule. Akaniambia nikuambie nimeuza mimi, usije ukaona shule imekugharimu.”

Mpenzi msomaji, lile tranka ninalo. La buluu, la bati, liko chumbani kwangu linatunza mablanketi. Nimelifungua na kulifunga miaka yote hiyo bila kujua limenunuliwa na nini. Nilinyanyuka nikaenda jikoni kuangalia chai ambayo ilishaiva zamani.

Sasa usije ukadhani mambo yote yamekwisha kwa wimbo. Suala la nyumba bado lipo. Kaka alileta daftari la kodi wiki iliyofuata na tumelipitia pamoja. Kuna miezi haijakaa sawa, na nimemwambia hivyo usoni, kwa adabu, tukiwa wawili. Naye kanionyesha risiti za bati la paa ambalo sikujua limebadilishwa. Tutafika. Tofauti ni kwamba sasa tunabishana juu ya kilichopo kwenye daftari. Zamani nilikuwa nabishana na mtu niliyembandika stika nikiwa na miaka kumi na minne, nikamwacha nayo.

Ushauri wangu wa mwezi huu ni mfupi. Kama kuna ndugu ambaye umeshamwamulia yeye ni mtu wa aina gani, usimwandikie waraka wa kurasa tano. Tafuta jambo dogo ambalo yeye analijua na wewe hulijui, mtumie swali. Na ukiomba radhi, taja maneno uliyosema, siyo ile “kama nilikukosea” ya kukwepa.

Betri mpya kaka ameshaiweka, CR2032, inauzwa kila duka la vifaa vya umeme. Mwanangu yuko njiani humo na “Kaka” wake, haelewi hata neno moja na wala hajali. Kaseti ile akimaliza nayo tutatafuta namna ya kumfikia yule mkusanyaji. Mwaka wa nne, mkondo wa pili, kama upo, mzigo wako uko salama Dar es Salaam.

Wivu wa kazini tutauongelea mwezi ujao, naahidi. Mabakuli bado sina.