NANI ALIIUA RELI? TUSIJIFANYE HATUJUI

Ndugu wanachama,

Wiki iliyopita bolti nane zimeng'olewa kwenye reli, pale kalvati la chini ya ghala letu. Siku hiyo hiyo mnunuzi wa vyuma chakavu alionekana na mizani yake. Sisi wa kamati tunauliza, wala hatuulizi kwa upole: ni nani huyo?

Maneno tunayasikia kilabuni. Eti reli hii ni mzoga, treni ya kweli ni ile ya umeme iliyoanza mwaka 2024 kati ya Dar es Salaam na Dodoma, hii ya kwetu iachwe ife. Maneno ya walanguzi hayo! Ile ya umeme haipiti Korogwe wala Same. Hivi gunia lako utalibeba kichwani mpaka Morogoro?

Reli hii ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, wakati wa Mjerumani na kiboko chake. Ikafika Mombo mwaka 1905, na Arusha mwaka 1929. Mwaka 1963, tukiwa tumeshajitawala, ikaungwa na Reli ya Kati, kutoka Mnyusi mpaka Ruvu. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, karakana kubwa ikabaki Nairobi. Vichwa vya treni vikachakaa. Baadaye hata treni ya abiria ikasimama. Mwaka 2007 shirika likakodishwa kwa kampuni ya kutoka India, yenye hisa 51 kwa mia. Wafanyakazi wakagoma kudai mishahara yao, na mwaka 2011 Serikali ikalirudisha mikononi mwake. Basi wakubwa wana lao la kujibu.

Lakini na sisi je? Treni iliposimama tulipanda mahindi mpaka katikati ya reli. Mataruma ya chuma yakageuka vigingi vya mazizi, na mazizi yenyewe tunayajua ni ya nani, wengine ni wajumbe wa kamati hii hii. Wakati ule aliyenenepa ni mwenye lori. Alijua hatuna njia nyingine. Akadai lumbesa, tukashindilia. Mvua ikinyesha barabara ikaharibika, bei akaishusha tena, nasi tukachukua, maana mahindi yangeoza.

Julai 2019 treni ya mizigo ikarudi. Desemba mwaka huo huo ya abiria ikafika Moshi, na mwaka 2020 ikafika Arusha. Mnakumbuka? Msimu ule mwenye lori alianza hata kutusalimia!

Sisi twataka behewa lisimame stesheni yetu wakati wa mavuno, tupakie mahindi ya chama kwa pamoja, kwa gunia la kipimo halali. Ni haki yetu kudai. Ila tutadaije behewa mchana, na usiku tunauza bolti kwa kilo? Treni ikianguka pale kalvatini watakufa watu, na huenda humo ndani yumo mama yako anarudi kutoka hospitali.

Mkutano ni Jumamosi saa nne, mbele ya ghala. Ajenda ya kwanza ni bolti hizo. Aliye nazo aziache kwa karani kabla ya siku hiyo, hataulizwa jina. Zikifika saa nne hazijaonekana, mgambo watapita nyumba kwa nyumba, wakianzia kwetu wanakamati.

Kamati ya Chama