Muhuri Hauzuii Maji



Juma hili nilitaka kuandika juu ya akiba ya mwanzo wa shule. Lakini kuna jambo limetokea kwenye avenyu yetu hapa Bukavu, na wengi wameniuliza niliandike. Nitalieleza lilivyo, pamoja na pale ambapo sisi wenyewe tulikosea.

Juu ya avenyu yetu kuna ukanda wa mteremko wenye miti saba mikubwa: migrevilea minne, mijakaranda miwili na mkuyu mmoja wa zamani. Sisi tunaokaa chini tulijua siku zote kwamba pale hapajengwi. Wazee wanasema ukanda ule uliachwa tangu parseli zilipogawanywa, ili ushike udongo. Miaka michache iliyopita biro moja ya mji ilikuja yenyewe ikapigilia vibao vidogo kwenye miti: marufuku kukata.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba nikapita pale na ndoo ya mahindi, nikaona misalaba ya rangi nyekundu kwenye miti yote saba. Mwenye parseli ya juu alikuwa amegawa kiwanja chake, akauza nusu, na mnunuzi alitaka kujenga nyumba ya orofa yenye vyumba vya kupangisha. Nusu iliyouzwa ilishuka hadi ndani ya ukanda wa miti.

Tulipanda pale wamama kama thelathini, na kelele nyingi. Kapita wa kazi hakubishana nasi. Alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akatuonyesha muhuri. "Wamama, ruhusa iko." Kelele zote zikaisha. Mmoja mmoja tukaanza kushuka, kama watoto waliokuta mlango umefungwa.

Aliyebaki ni mama mmoja muuza samaki, ambaye Kifaransa hasomi. Alimwambia kapita kwa upole, "Papa, nisomee. Mahali wameandika miti ni wapi?" Kapita akasoma mstari kwa mstari. Iliandikwa juu ya msingi, kuta na orofa. Mti haukutajwa hata mmoja. Karatasi ile ilikuwa ruhusa ya kujenga. Haikuwa ruhusa ya kukata.

Wamama, hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo nataka mlishike leo. Tukiona muhuri tunanyamaza, kana kwamba muhuri ni jibu la maswali yote. Muhuri unajibu swali lile tu lililoandikwa juu yake. Maswali mengine yanabaki, na mvua ikija itayauliza yenyewe.

Siku iliyofuata tulikwenda kwenye biro watatu tu. Tulirudishwa mara mbili. Mara ya tatu mfanyakazi mmoja alitufungulia faili, na kweli karatasi ya pili ilikuwepo: kibali cha kukata miti yote saba, kilichotolewa na biro ileile iliyopigilia vibao. Kibali kilikuwa na sharti moja, kupanda miche kumi na minne "mahali patakapofaa". Hakuna aliyeandika mahali hapo ni wapi, wala nani ataimwagilia maji, na kati ya sisi tunaokaa chini hakuna hata mmoja aliyeulizwa.

Kabla sijaendelea, niwape upande wa pili, maana ukurasa huu si wa kutukana watu. Mke wa mnunuzi alikuja kwenye mkutano wetu bila kuitwa. Akasema, "Wamama, nina watoto watano. Miaka tisa nimepanga, na mara nne nimetolewa na vyombo vyangu vikawekwa nje. Ninyi mnalala kwenu. Mimi nilale wapi?" Hakuna aliyemjibu haraka. Nami nilikumbuka kwamba mahali nyumba yangu inaposimama palikuwa na miti pia, na wakati baba yangu alipoikata hakuna aliyelia. Mji wetu umejaa. Watu wamekimbia vita vijijini, watoto wetu wameoa na kuolewa, na viwanja havizaliwi. Kwa hiyo anayesema "msijenge kabisa" hajamsikiliza mama yule.

Lakini hesabu ya maji haina huruma na yeyote kati yetu. Hebu tuifanye kwa vipimo vya jikoni. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita kumi kwa kumi lina mita za mraba 100. Ikinyesha mvua nzuri ya milimita 40, ambayo kwetu si ajabu, paa lile moja linamwaga lita 4,000. Hizo ni bidoni 200 za lita 20. Fikiri mtu amesimama juu ya mteremko anakumwagia bidoni 200 mlangoni, jioni moja. Penye miti, majani huchelewesha matone, majani makavu yaliyo chini hunywa sehemu, na mizizi hufungua udongo ili maji yaingie polepole na kushika tabaka la juu lisiondoke. Ukiondoa miti na kuweka bati na sementi, maji yote yanashuka kwa pamoja, na yanashuka kwa haraka.

Hili si hofu ya wamama tu. Mwaka 2022 jarida la kisayansi Nature Geoscience lilitoa uchunguzi juu ya Funu, hapa mjini kwetu, mahali ambapo kilima kizima kinasogea polepole na watu wanaishi juu yake. Watafiti walilinganisha picha za zamani zilizopigwa kwa ndege na zile za setilaiti, za karibu miaka 70. Waliona kwamba jinsi nyumba zilivyozidi kujaa, ndivyo mwendo wa udongo ulivyoongezeka, na wakaonyesha kidole kwenye maji: mji umebadilisha njia zake. Kilima kama kile, chenye kusogea kwa kina, miti peke yake haiwezi kukizuia. Lakini maji yanayoelekezwa ovyo yanaweza kukisukuma. Na Kalehe hatujaisahau. Tarehe 4 Mei 2023 mvua ilishusha maji, mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 wakafa. Wengi wetu tulizika ndugu kule.

Sasa, sheria inasema nini? Wengine hudhani kwetu hakuna sheria. Ipo. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi yanayomfaa. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011, ile ya mazingira, inataka mradi unaoweza kuharibu mazingira uchunguzwe kwanza madhara yake, na wananchi waulizwe kabla haujaruhusiwa. Kanuni ya misitu, sheria namba 011/2002 ya tarehe 29 Agosti 2002, inataja misitu ya mijini kati ya ile inayolindwa, pamoja na misitu inayohitajika kuzuia mmomonyoko kwenye miteremko. Inakataza pia kufyeka miti ndani ya mita 50 kila upande wa mto, na mita 100 kuzunguka chemchemi. Nyumba moja haihesabiwi kama kiwanda, na miti saba haiitwi msitu bila hati ya serikali, kwa hiyo msiende biro mkidai yasiyoandikwa. Lakini mnaweza kuuliza: ukanda huu umeandikwa nini kwenye plani ya kartie? Kama uliandikwa kwamba unalindwa, ni karatasi gani iliyoufungua?

Barua ya utulivu ina nguvu, na mama mwenzetu wa Kenya alilionyesha hilo. Mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga jengo la orofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya watu wa Nairobi. Wangari Maathai, aliyekuwa ameanzisha kazi ya kupanda miti pamoja na wamama wa vijijini tangu mwaka 1977, hakuanza kwa mawe. Alianza kwa barua. Aliandikia biro moja, ikanyamaza, akaandikia nyingine, akauliza kama ni kweli, nani ameruhusu, nani ameulizwa. Alitukanwa bungeni, akaambiwa mwanamke hapaswi kusema hivyo mbele ya wanaume. Aliendelea kuandika. Mwishowe wenye pesa walijiondoa na jengo likaachwa. Bustani ipo mpaka leo. Tena mwaka 2020, barabara mpya ya juu ilipojengwa Nairobi, mkuyu mmoja mkubwa wa Waiyaki Way ulikuwa ung'olewe. Watu walipaza sauti, na rais akatoa amri ubaki. Barabara ilipata njia ya kupita. Miti mingine mingi ya barabara ile ilikatwa, tusidanganyane. Lakini mkuyu ule umesimama, na magari yanapita.

Turudi kwenye avenyu yetu. Tuliandika barua moja, ukurasa mmoja. Tuliomba mambo matatu tu, na mke wa mnunuzi aliketi nasi tukiandika, maana nyumba yake ndiyo itakayokuwa ya kwanza kushuka ikiwa udongo utaondoka. Baada ya majuma matatu tuliitwa. Fundi alikuja na kamba yake, wakapima upya, wakasogeza nyumba mita chache kuelekea juu. Mkuyu na migrevilea miwili ya ukingoni imebaki. Mine imekatwa. Nilisikia msumeno wa injini nikiwa napika, na sitasema haikuniuma. Mnunuzi ameahidi ukuta wa kushika udongo, mifereji ya paa na tanki kabla ya kuweka bati. Ukuta umeanza. Tanki bado. Mvua za mwezi wa tisa zimekaribia, na kila jioni macho yetu yako pale.

Tungekwenda siku ile vibao vilipopigiliwa, tukaomba kopi ya karatasi, labda yote saba ingebaki. Hilo ni kosa letu. Tuliamini kibao cha bati kuliko kuuliza kimeandikwa wapi.

Kwa vikundi vingine, haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, tembeeni kwenye avenyu yenu kabla ya kuona rangi nyekundu. Hesabuni miti mikubwa, mifereji na chemchemi, mpige picha kwa simu, muandike tarehe. Waulizeni mabibi wazee ni sehemu gani zilizoachwa na kwa nini. Kiangazi ndicho wakati wa kujenga, kwa hiyo ulizeni mapema.

Pili, mkionyeshwa karatasi, isomeni yote. Asiyejua Kifaransa asione haya, aombe asomewe. Ulizeni: hii ni ruhusa ya kujenga au ya kukata? Inataja miti mingapi? Ina masharti gani?

Tatu, andikeni barua kwa nakala mbili. Moja ibaki biro, nyingine ipigwe muhuri wa kupokelewa na mrudi nayo nyumbani. Bila muhuri ule watasema hamkufika. Nendeni watatu, si thelathini, na mmoja awe anajua kuandika yanayosemwa.

Nne, msiombe "acheni kujenga" tu. Ulizeni maswali yanayotaka jibu: maji ya paa yatakwenda wapi? Nani atashika udongo wakati wa kuchimba msingi? Miche itapandwa wapi, na nani ataimwagilia kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane? Mche usio na mama hufa kiangazi cha kwanza.

Tano, mkaribisheni anayejenga. Kesho yeye ni jirani yenu, na watoto wake watacheza na wenu.

Ile miche kumi na minne tumeichukua sisi. Kila nyumba ya chini imepewa mmoja, na jina la mtoto wa nyumba hiyo limeandikwa kwenye kijiti. Wa kwangu ni mgrevilea, unanifika kwenye goti. Mjukuu wangu huumwagilia maji ya kuoshea mchele. Anauliza kila siku kama umekuwa mkubwa, nami namwambia bado, aendelee.

Kikundi chenye kisa kama hiki kituletee siku ya Jumamosi kwenye mkutano, pamoja na kopi za karatasi zenu. Tutazisoma pamoja.

Tuonane juma lijalo, na hapo tutazungumza juu ya akiba ya shule.