Viwanja Tunajenga, Makocha Tunawafukuza

Tangu Septemba 2023, Kenya, Tanzania na Uganda zilipokabidhiwa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, mazungumzo yetu ya soka yamekuwa ya viwanja tu. Uwanja upi utakamilika, upi umechelewa, nyasi ni za aina gani, paa limefika wapi. Ni mazungumzo ya haki, maana ni pesa za umma. Lakini sijasikia waziri wala gavana akiulizwa swali jingine ambalo kwangu mimi ni zito zaidi: nani atawafundisha vijana watakaocheza katika viwanja hivyo?

Shughuli zangu za biashara hunipeleka Kitale na Bungoma mara kwa mara, na huko soka hujadiliwa kama sisi Mombasa tunavyojadili bandari. Ukikaa hotelini kunywa chai, hoja haikawii kufika: timu ipewe kocha mgeni au mzalendo? Aliyewahi kucheza au aliyesomea? Kila mtu ana upande wake na hakuna anayeshindwa. Mimi naona swali lenyewe limekaa vibaya. Awe mgeni au mwenyeji, kocha hapimwi kabla ya kupewa muda wa kufanya kazi, na sisi hatumpi muda huo. Ushahidi wangu ni Mholanzi mmoja aliyewahi kufanya kazi hapa Afrika Mashariki, ambaye wengi wetu tumeshamsahau.

Jina lake ni Ernie Brandts. Alikuwa beki wa kati wa PSV Eindhoven, na 1978 alitwaa Kombe la UEFA na klabu hiyo. Mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 22, alikwenda Argentina kwenye Kombe la Dunia. Katika mechi dhidi ya Italia, ambayo ilikuwa ya kuamua nani aende fainali, Brandts alijifunga kipindi cha kwanza. Katika purukushani hiyohiyo akagongana na kipa wake, Piet Schrijvers, ambaye aliumia akashindwa kuendelea na mechi. Hebu fikiria, ndugu msomaji: kijana mdogo, dunia nzima inatazama, bao la kujifunga na kipa amebebwa nje.

Kocha wa Uholanzi, Ernst Happel, hakumtoa. Mapema kipindi cha pili Brandts alipiga kombora kali likasawazisha. Baadaye Arie Haan akafunga la pili kutoka mbali, Uholanzi ikashinda 2-1 na kwenda fainali, ingawa huko ilifungwa na Argentina. Brandts akaingia kwenye kumbukumbu kama mchezaji wa kwanza kufunga pande zote mbili katika mechi moja ya Kombe la Dunia. Ilipita miaka 40 kabla Mario Mandzukic wa Croatia hajafanya kama hayo, katika fainali ya 2018.

Sikieleza kisa hiki kwa ajili ya burudani. Iwapo Happel angekuwa na roho za viongozi wa klabu zetu, Brandts asingerudi uwanjani kipindi cha pili, na Uholanzi huenda isingeiona fainali. Alipewa dakika chache zaidi, naye akazitumia.

Alipostaafu alishika njia ya ukocha. Aliifundisha NAC Breda, klabu isiyo na ukubwa wa Ajax wala PSV, na msimu wa 2007/08 ikamaliza ya tatu katika Ligi Kuu ya Uholanzi. Msimu uliofuata benchi lilikuwa la mtu mwingine. Kwa hiyo hata kwao wenyewe ukocha si kazi ya kulalia usingizi. Akapita Iran, kisha akaja Rwanda kuinoa APR, na Septemba 2012 akavuka kwenda Dar es Salaam kuichukua Yanga.

Alichukua nafasi ya nani? Ya Mbelgiji Tom Saintfiet, ambaye Julai mwaka huohuo alikuwa ameipa Yanga Kombe la Kagame. Kikombe Julai, kalamu Septemba. Brandts aliliona hilo kwa macho yake lakini hakutishika. Msimu wa 2012/13 Yanga ikatwaa ubingwa wa Tanzania Bara, na mechi ya kufunga msimu, mwezi Mei, ikaichapa Simba 2-0.

Miezi saba baadaye hakuwa na kazi. Oktoba 2013 Yanga iliongoza 3-0 dhidi ya Simba hadi mapumziko, kisha ikaruhusu mabao matatu na mechi ikaisha sare ya 3-3. Nakubali, hiyo ni aibu ambayo shabiki wa Yanga hasahau. Hata hivyo ligi iliposimama katikati ya msimu, Yanga ndiyo iliyokuwa kileleni. Desemba 21 ikaja mechi ya Nani Mtani Jembe, ya kirafiki, iliyoandaliwa kutangaza biashara ya bia, isiyo na pointi hata moja. Simba ikashinda 3-1, na Brandts akapigwa kalamu. Bingwa mtetezi, kinara wa ligi, ameondolewa kwa sababu ya mechi ya matangazo!

Msimu huo ulipokwisha, ubingwa ulikwenda Azam, tena bila kufungwa hata mechi moja. Yanga ilimchukua Mholanzi mwingine, Hans van der Pluijm, naye akaondoka. Akaja Mbrazili Marcio Maximo. Desemba 2014, mechi ileile ya Mtani Jembe, Simba ikashinda tena, 2-0 safari hii. Maximo naye akaonyeshwa mlango, van der Pluijm akarudishwa, na aliporudishwa akaachiwa afanye kazi. Matokeo yake yakawa ubingwa wa 2014/15 na wa 2015/16. Mzungu kwa mzungu, Mholanzi kwa Mholanzi, klabu ileile na mashabiki walewale. Tofauti kubwa ninayoiona mimi ni muda.

Sasa turudi Bungoma. Nzoia Sugar, timu ya kiwanda cha sukari, ilipanda Ligi Kuu ya Kenya 2017 na kuufanya uwanja wa Sudi kuwa mahali pa kwenda wikendi. Ilishuka daraja 2024. Ukiwauliza wenyeji sababu, wa kwanza kutajwa ni makocha. Lakini timu ya kiwanda huvuta pumzi kwa pua ya kiwanda. Kiwanda cha Nzoia kilikuwa na madeni ya wakulima na malimbikizo ya mishahara kwa miaka, na 2025 serikali ikakikodisha kwa mwekezaji wa binafsi. Kabla yake, Webuye, katika kaunti hiyohiyo, ilikuwa na timu ya Pan Paper. Kiwanda cha karatasi kilipofungwa 2009, jina la timu hiyo likabaki kwenye vinywa vya wazee. Kocha gani angeyazuia hayo kutoka kwenye benchi? Waswahili walisema mti hauendi ila kwa nyenzo.

Ajabu ni kwamba uwanja upo. Ule wa Masinde Muliro, pale Kanduyi, ulifanyiwa ukarabati kwa ajili ya sherehe za Madaraka za Juni 1, 2024, na mimi mwenyewe nimepita nikaona jukwaa linavutia. Mwaka uliopendezeshwa uwanja ndio mwaka ulioshuka daraja timu kubwa ya mji.

Kitale hali ni nyingine kidogo, na ndiyo inayonipa matumaini. Huko soka limejengwa juu ya shule. Shule ya Wavulana ya St Anthony's ina jina kubwa katika michezo ya sekondari nchini, na jina hilo halikuja kwa kufukuza mwalimu kila akifungwa. Shule hufungwa mwaka huu, mwalimu akabaki, akarekebisha, mwakani akarudi. Nimewahi kuzungumza na beki mstaafu mmoja huko ambaye asubuhi huendesha bodaboda na jioni hufundisha watoto wa mtaani kwake. Nilimuuliza kwa nini hatafuti timu ya ligi. Akanijibu, "Mzee, hawa watoto hawawezi kunifuta kazi." Tulicheka sote wawili, ila jibu lile nimekaa nalo. Mtu mwenye ujuzi anaikimbia ligi kwa sababu ligi haimpi hata msimu mmoja wa kutulia.

Msidhani nawasema watu wa bara na kutuacha sisi. Bernard Mwalala, mshambuliaji aliyewahi kuichezea Yanga, aliinoa Nzoia Sugar kule Bungoma kabla hajaja kwetu Bandari 2018. Walioanza kumpika ni wao, walioandaliwa meza ni sisi. Januari 2019 Bandari yake iliifunga Simba 2-1 jijini Dar es Salaam na kufika fainali ya Kombe la SportPesa. Msimu wa 2018/19 ikamaliza ya pili nyuma ya Gor Mahia, na mwaka huohuo ikatwaa Ngao ya FKF kwa kuifunga Kariobangi Sharks. Ikaenda Kombe la Shirikisho Afrika, ikaitoa Al Ahly Shendi ya Sudan, ikaitoa Ben Guerdane ya Tunisia, ikasimamishwa na Horoya ya Guinea. Na mechi zake za nyumbani ilizichezea Nairobi, kwa sababu Mombasa haikuwa na uwanja unaokubalika.

Kabla ya msimu wa 2019/20 kwisha, Mwalala hakuwa tena kocha wa Bandari. Tangu hapo tumebadilisha makocha mara ngapi? Na Ngao nyingine iko wapi?

Najua nitajibiwa kwamba hata Ulaya makocha hufukuzwa, na Brandts mwenyewe ni shahidi. Ni kweli. Lakini kule kocha akiondoka huacha nyuma chuo cha vijana, daktari, watu wa kusaka vipaji na kumbukumbu za kila mchezaji. Kwetu kocha akiondoka huondoka na kila kitu, hadi daftari lake. Anayekuja huanza moja. Ndiyo maana hasara ya kumfukuza kwetu ni kubwa kuliko kwao, ingawa wao ndio wenye pesa za kulipia makosa.

Na tuseme wazi kinachofichwa na kalamu hiyo. Kocha akifutwa Jumatatu, hakuna anayeuliza Jumanne kwa nini mishahara imechelewa miezi mitatu, nani alisajili wachezaji ambao kocha hakuwaomba, au basi la timu lilikwama wapi. Mashabiki wamepewa mtu wa kumrushia mawe, wenye klabu wamepata usingizi. Huko siwezi kukuita uwajibikaji.

Mambo matatu yanawezekana, na hayahitaji saruji. Kwanza, klabu iandike kwenye mkataba malengo ya msimu, na kocha apimwe kwa hayo msimu unapokwisha, si kwa mechi moja ya watani. Pili, kaunti zinazotenga mamilioni kwa viwanja, ya kwetu Mombasa, ya Bungoma na ya Trans Nzoia kadhalika, zitenge sehemu ndogo kulipia kozi za leseni za CAF kwa wachezaji wastaafu. Kocha mkuu hawezi kuongoza klabu kwenye mashindano ya Afrika bila leseni ya daraja A, na kuifikia huanza na zile za chini, ambazo mwendesha bodaboda wa Kitale hana karo yake. Tatu, kila kocha anayeondoka aache ripoti ya maandishi kuhusu kikosi, na anayekuja aisome.

Mashindano ya 2027 yatakuwa ya wiki chache. Wageni watasifu viti na taa, kisha watarudi kwao. Baada ya hapo uwanja utabaki na sisi, na itabidi awepo mtu wa kusimama pembeni mwa mstari akiwaelekeza watoto wetu mahali pa kusimama beki anapopandisha mpira. Mtu huyo tunaye Mombasa, tunaye Bungoma, tunaye Kitale. Tumpeni msimu wake mzima.