Flashi Haichomolewi Hivi Hivi

Katika saiba za Garissa, flashi ndiyo inayobeba mradi wa mwisho wa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa, fomu za basari na picha za harusi. Humohumo husikika madai manne yanayowapotezea watu kazi zao. Tuyapime moja moja.

"Imefika asilimia 100, imekwisha." Si lazima. Kompyuta huweza kuiweka data kwenye RAM kwanza, ikatangaza kuwa faili limenakiliwa, kisha ikaliandika kwenye flashi baadaye. Linux, kwa mipangilio yake ya kawaida, huweza kuikalia data hiyo kwa sekunde 30 hivi. Ukichomoa mapema, utaliona jina la faili na ndani yake hamna kitu. Flashi nyingi hutumia FAT32, mfumo usioweka kumbukumbu ya hatua za kuandika, kwa hiyo kazi iliyokatizwa ni vigumu kuirekebisha.

"Windows ya siku hizi haina haja ya kubofya Eject." Hapa pana ukweli nusu. Tangu toleo la 1809 la Windows 10, la mwaka 2018, mpangilio wa kawaida ni wa kuondoa haraka, usiolimbikiza maandishi. Hata hivyo, haukuruhusu kuchomoa wakati kuandika kunaendelea. Na mtu akiwa amechagua mpangilio wa kasi, kuondoa rasmi, yaani kubofya Eject kabla ya kuchomoa, ni sharti. Mteja wa saiba atajuaje kompyuta aliyoikalia imepangwa vipi?

"Kompyuta ikisema kifaa kinatumika, imekwama; chomoa tu." Haijakwama. Kuna programu iliyofungua faili: labda Word, labda kizuia virusi. Funga zote, ujaribu tena. Ikikataa, zima kompyuta kabisa ndipo uchomoe.

"Draiva nzuri itaokoa kila kitu." Hili ndilo dai zito kuliko yote, kwa sababu linachanganya kazi mbili: kuilinda kompyuta na kuiokoa data. Kifaa cha USB kikitoweka, kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, huiarifu draiva, programu inayokiendesha kifaa hicho. Draiva iliyoandikwa vyema husimamisha maombi yaliyo njiani, huyakataa mapya, na haiachilii kumbukumbu yake mpaka programu ya mwisho ifunge kifaa. Ikiiachilia mapema, programu hiyo itagusa kumbukumbu ambayo si yake tena, na mfumo mzima unaweza kuanguka. Kwa hiyo mwandishi wa draiva ana wajibu wa kutarajia kuchomolewa kwa ghafla wakati wowote. Lakini ulinzi huo ni wa kompyuta. Data iliyobaki kwenye RAM haina tena pa kuandikwa.

Stima ikipotea, hasara ni ileile, nayo haimpi mtu nafasi ya kubofya chochote. Ndiyo maana wenye saiba, kuanzia Garissa hadi Wajir na Mandera, waweke mashine zao zote kwenye mpangilio wa kuondoa haraka, na kila mteja aondoe flashi yake rasmi kabla ya kuishika. Mwanafunzi aliyeandika mradi muhula mzima anastahili ulinzi wa pande zote mbili.